Mtani Hapimwi

Mzee aliingia bila kupiga hodi, na ukumbi mzima ukasimama kama umepigiwa wimbo wa taifa.

Alikuwa amevaa koti zito la sufu lililofungwa vifungo mpaka kooni, maana huku nyanda za juu, mwezi wa sita, baridi haina adabu. Alisimama mlangoni akatazama kulia, akatazama kushoto, kama mtu aliyekwenda kanisani akakuta watu wanauza samaki. Kabla hajatamka neno, kijana mmoja alikwishamsogezea kiti, msichana mmoja akamletea kingine, na wa tatu akaja mbio na chupa ya maji ameshaifungua kabisa.

"Karibu babu, kaa hapa!"

"Shikamoo babu! Hapo pana upepo, njoo huku!"

"Babu, naona umechoka. Unajisikiaje? Unaumwa wapi?"

Punde si punde mzee alikuwa na viti vitatu, chupa za maji asizoweza kuzishika zote, na sweta la kike begani.

"Hapa ni wapi?" aliuliza akirudi nyuma hatua moja. "Ni hospitali ya wendawazimu?"

Hakuna aliyecheka. Kucheka kungeweza kuwa kosa.

Hawa walikuwa waombaji wa nafasi ya kusomea udaktari katika Chuo cha Tiba cha Nyanda za Juu, wakisubiri kuitwa mmoja mmoja kwenye usaili. Na miongoni mwa waombaji kulikuwa na uvumi uliopokezanwa mwaka hadi mwaka, kwamba kila msimu chuo hutuma mgonjwa wa siri kwenye ukumbi wa kusubiria, ili kuona nani ana moyo na nani ana cheti tu. Hakuna aliyewahi kukutana na mtu aliyemwona mgonjwa huyo. Lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukutwa ameketi.

Kila mmoja wao alivaa bangili ya kijivu mkono wa kushoto, na sasa bangili zote zilikuwa zinawaka kijani, ukumbi umependeza kama shamba la mahindi baada ya mvua.

Otilia Ngonyani, aliyekuwa kwenye kona ya dirisha, naye alikuwa ameshanyanyuka nusu. Tangu alfajiri alikuwa akirudiarudia moyoni jibu la swali la kwa nini unataka kuwa daktari, na jibu lenyewe lilikuwa limeanza kupoteza ladha kama ubani uliotafunwa sana. Huu ulikuwa mwaka wake wa pili kuomba. Mwaka uliopita alikosa kwa alama chache, na sheria ya chuo ilisema mtu huomba mara mbili, basi. Leo ikishindikana, imeshindikana.

Mzee akavua kofia. Akavuta pumzi, akawasalimu wote kwa pamoja kwa heshima ya kwao:

"Kamwene."

Waombaji wa kutoka pwani walitazamana, wasijue salamu ile hujibiwaje. Hafidhi, kijana wa Tanga mwenye adabu za kumwaga, akaona bora ajibu kuliko kukaa kimya.

"Amina, babu," akasema.

Hapo ndipo mdomo wa Otilia, ambao mama yake alizoea kusema utamkosesha mambo mengi duniani, ukajifungua wenyewe.

"Nani kamfungulia Mhehe mlango? Jamani, ficheni mbwa!"

Bangili yake ikalia *ti!* na kugeuka nyekundu kama kaa la moto. Ukumbi ukaganda. Msichana wa viti akafunika mdomo. Hafidhi akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Dada yangu," akanong'ona, "umejimaliza."

Mzee aligeuka polepole. "Nani huyo amesema?"

"Mimi."

"Wewe wa wapi?"

"Peramiho."

"Mngoni!" Mzee alilitamka neno hilo kama mtu aliyeokota kiatu chake kilichopotea. Uso wote ulifunguka. "Nilijua! Nimeingia tu nikasikia harufu ya watu waliotembea kwa miguu kutoka Kusini na hawajaoga mpaka leo."

"Tulioga, babu. Kwenye ule mto mliouvuka mkitukimbia."

"Sisi? Sisi tukimbie? Nyie ndio mliacha hata ngao! Bibi yangu alikuwa anaanikia mtama juu ya ngao ya Mngoni!"

"Alianikia mtama kwa sababu mbwa walikuwa wamekwisha."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Wenzake Otilia waliwatazama kama watu wanaotazama ajali. Ungemwambia nini mtu asiyejua? Mababu wa Wangoni na mababu wa Wahehe walipigana vita vikali, wakachinjana, wakachoka. Vita vilipokwisha, waliobaki walirithishana utani. Mngoni akikutana na Mhehe humtukana kwanza, humwita mla mbwa, ndipo amuulize habari za nyumbani. Asipomtukana, mwenzake hujiuliza amemkosea nini.

Bangili haikulijua hilo. Iliendelea kuwaka nyekundu.

*

Mtambo uliokuwa nyuma ya bangili zile ulikuwa na jina refu la kiofisi ambalo hakuna aliyelikumbuka. Waombaji waliuita Shangazi, kwa sababu ulisikia kila kitu, haukusahau, na ulikuwa na maoni juu ya kila mtu.

Zamani, kabla ya Shangazi, usaili ulikuwa mchezo wa kuigiza. Kila mwombaji alisema anapenda kusaidia watu. Wenye wajomba wakubwa waliingia, wasio na wajomba walirudi nyumbani. Shangazi aliletwa kuwaondoa wajomba. Akili mnemba hiyo ilisoma mapigo ya moyo, jasho la ngozi na mtetemo wa sauti, ikalinganisha na maelfu ya mazungumzo ya madaktari wema na wagonjwa wao, kisha ikatoa alama ya moyo. Haikupokea bahasha wala simu za usiku. Watoto wa wakulima walianza kuingia chuoni wakiwa wamebeba vyeti vyao kwenye mifuko ya rambo, na wakafaulu. Otilia alimwamini Shangazi kwa moyo wote. Bila Shangazi, mtu kama yeye asingefika hata kwenye ukumbi huu wa kusubiria.

"Mngoni," mzee alimwambia sasa kwa sauti ya chini, "nitoe nje. Hawa watoto wataniua kwa maji."

Walitoka hadi kwenye baraza, wakaketi kwenye benchi lililopata jua. Mbele yao misonobari ilikuwa inavuma. Mzee alikaa kwa uangalifu, akishika tumbo chini ya kitovu, na Otilia aliliona hilo, lakini hakusema. Kisha mzee akanyooshea kidole mkono wa Otilia.

"Hicho kidude kinasikia?"

"Kinasikia, babu."

"Kivue."

Otilia alikifunika kwa kiganja. "Babu, leo tuna usaili. Nikikivua..."

"Najua mna mtihani. Mimi si mtihani. Mimi ni Galus Kalinga, refa mstaafu, nimetoka Ifunda na basi la asubuhi. Umewaona wenzako? Wema sana. Lakini kila aliyenipa maji alitazama kwanza mkono wake, aone rangi, ndipo akanitazama mimi. Wewe peke yako umenitukana bila kutazama kitu."

Kuvua bangili kuliruhusiwa. Sheria ilimpa kila mgonjwa haki ya kuzungumza bila sikio la tatu, na Shangazi hakuwa na masikio mengine huku barazani. Taabu ni kwamba Shangazi hakujua kupima asichokisikia. Muda usio na bangili aliuita pengo. Mwombaji alipewa nafasi moja ya kulieleza pengo lake mbele ya jopo. Akieleza, na Shangazi akiridhika kuwa ni kweli, pengo lilijazwa alama. Asipoeleza, liliandikwa sifuri, na sifuri hiyo ilivuta chini vyote vilivyobaki, kama jiwe kwenye gunia la mchele.

Nitaeleza, Otilia alijiambia. Nitasema nilikaa na mzee. Akaminya kifungo, ile nyekundu ikazimika, akaitia bangili mfukoni.

Mzee alipigapiga kofia yake gotini.

"Mkuu wa jopo lenu unamjua?"

"Profesa Beata Kalinga." Otilia alisimamisha maneno hapohapo. "Kalinga!"

"Mtoto wangu wa kwanza."

Otilia nusura aanguke kutoka kwenye benchi. Alijaribu kukumbuka matusi yote aliyoyatoa tangu mwanzo, akaanza na lile la mbwa.

"Tulia," mzee akacheka. "Angekusikia, angekujibu vibaya kuliko mimi." Kisha kicheko kikakatika. "Nimekuja kumwambia jambo. Nimefika mlangoni pake, nikamsikia ndani anaongea na watu kwa ile sauti yake ya kidaktari. Miguu ikanigeuza yenyewe. Ndipo nikajikuta kwenu kwenye viti vitatu."

"Jambo gani, babu?"

 Alisema ameona damu kwenye mkojo, akanyamaza miezi. Mwishowe alikwenda hospitali ya wilaya, wakampima, wakaona uvimbe kwenye kibofu. Wamesema bado ni mdogo. Wamesema unakatwa, unakwisha, mradi asichelewe. Ameshachelewa kidogo.

"Sasa unaogopa nini?" Otilia aliuliza. "Una binti daktari, tena profesa. Wengine wangeuza shamba wampate."

"Hilo ndilo. Nikimwambia, atakuwa daktari palepale. Atauliza maswali, atapiga simu, ataandika. Madaktari ninao kule wilayani. Mtoto ninaye huyu mmoja wa kunikalia karibu, na nikifungua mdomo nitampoteza nipate daktari mwingine." Kidevu kilianza kumtetemeka. Alikishika kwa mkono, lakini machozi yalipita pembeni. "Nimechezesha mechi, mashabiki wanarusha mawe, sikutikisika. Leo nalia mbele ya Mngoni."

Vitabu vya maandalizi ya usaili vilimfundisha Otilia nini cha kusema hapa. Unainama kidogo, unasema *naelewa unavyojisikia*, unasubiri. Alikuwa ameifanyia mazoezi sentensi hiyo mbele ya kioo. Sasa aliiona kama nguo ya kuazima, haimkai mzee huyu popote.

"Babu," akasema, "wewe ni mwoga."

Mzee akainua macho.

"Nisikilize. Ukikaa kimya ukafa, unajua nani atakuja msibani? Mimi. Nitaleta Wangoni basi zima. Wenyeji wakimaliza tu kuchimba, tutaingia kaburini kabla yako, tulale humo, tugome kutoka mpaka tupewe jogoo. Kisha nitasimama mbele ya waombolezaji niseme: huyu Mhehe hakuuawa na uvimbe, uvimbe ulikuwa mdogo, ungekatwa. Ameuawa na kumwogopa mtoto wake wa kumzaa. Na huyo Beata wako atakuwa ameketi pale kwenye mkeka, anasikia."

Mjukuu wa damu angesema hayo angechapwa fimbo. Daktari angesema hayo angefukuzwa kazi. Lakini mtani ana ruhusa ya kusema ndani ya msiba kile ambacho ndugu wanakimeza, na hakuna wa kumkasirikia.

Mzee alimkodolea macho. Halafu tumbo likaanza kutikisika, mabega yakafuata, na kicheko kikatoka kikiwa kimechanganyika na kilio, mpaka ikabidi Otilia amshike mkono asiteleze.

"Jogoo mmoja?" aliuliza alipopata pumzi. "Mimi nina thamani ya jogoo mmoja tu?"

"Kwa Mhehe, hapo nimeongeza."

Alifuta uso kwa kofia. Alikaa wima. Otilia alimwona vile alivyokuwa zamani uwanjani, mtu mfupi mwenye filimbi ambaye wachezaji warefu humwinamia.

"Nitamwambia leo," alisema. "Wewe ukishatoka kwenye usaili. Kwa mdomo wangu mwenyewe."

"Kwa mdomo wako."

"Na wewe niahidi. Usimwambie mtu nilichokueleza, wala kwamba nimelia. Yeye hasa. Asikie kwa baba yake, asisikie kwa mtambo."

"Naahidi, babu."

Alilitoa neno hilo haraka, kama mtu anavyoahidi kitu chepesi. Lilipokwisha kutoka ndipo akakumbuka pengo.  Mzee alikuwa anavaa kofia yake, ametulia kama mtu aliyetua mzigo, na kumwambia ngoja kwanza, nirudishie neno langu, kulikuwa kumpandishia mzigo ule tena kichwani.

Kipaza sauti kikaita: "Otilia Ngonyani."

*

Chumba cha usaili kilikuwa na joto zuri. Nyuma ya meza waliketi wawili: Profesa Beata Kalinga, mwanamke mfupi aliyekaa wima kana kwamba kiti hakina mgongo, na Dokta Lukumay, mwenye ndevu za mvi na macho ya mtu anayetafuta sababu ya kucheka. Ukutani palikuwa na taa ndogo ya Shangazi.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Katikati ya chumba alitokea mgonjwa wa nuru, picha hai iliyotengenezwa na Shangazi, mama wa makamo aliyejikunja kwenye kanga yake, akikohoa.

"Mama, shikamoo. Umeamkaje?"

"Salama, mwanangu."

"Nyumbani?"

"Salama."

"Watoto?"

"Salama kabisa."

"Na hicho kifua?"

"Aa, hicho ndicho kilichonileta. Hakinilazi."

Dokta Lukumay aliandika kitu akitabasamu. Waombaji wengi waliishia kwenye *salama* ya kwanza, wakamwandika mama yule kuwa mzima. Bangili ya Otilia, iliyorudi mkononi, iliwaka kijani, na mgonjwa wa nuru alipofifia, alimwachia Otilia shukrani iliyomfanya asahau kidogo kwamba mama yule hakuwa mtu.

"Sasa," alisema Dokta Lukumay, "Shangazi anasema umemtukana mzee ukumbini. Alama nyekundu. Tusikilize."

Sauti ikajaza chumba: *Nani kamfungulia Mhehe mlango? Jamani, ficheni mbwa!* Dokta Lukumay alipiga meza kwa kicheko. "Shangazi, huo ni utani! Ingekuwa juu yangu, ningeifuta hiyo nyekundu. Mtambo huu tumeulea vibaya, Profesa."

Lakini Profesa Kalinga hakucheka. Kalamu yake ilikuwa imesimama hewani.

"Rudisha nyuma," alisema. "Kabla ya hapo."

*Kamwene.*

"Huyo ni baba yangu."

Dokta Lukumay akaacha kucheka. Profesa alimtazama Otilia, na kwa mara ya kwanza mgongo wake uliegemea kiti.

"Baba hapandi basi bila sababu. Kuna pengo hapa, umevua bangili muda mrefu. Ulikuwa naye?"

Otilia alisikia moyo wake ukigonga, na alijua Shangazi naye anausikia. Aliyekuja ukumbini kila mtu alimwona. Kilichobaki kilikuwa chake kukilinda.

"Profesa, ya kwenye pengo nimeahidi kutoyasema."

"Amekwambia nini?"

"Nimeahidi."

"Anaumwa?"

Hilo lilikuwa swali la neno moja, na Otilia akaona mtego ndani yake. Akisema ndiyo, amevunja. Akisema hapana, amedanganya. Na akinyamaza kwa swali hili peke yake, kimya chake kitasema ndiyo kwa sauti kubwa. Akafikiri haraka, akapata njia nyembamba ya katikati.

"Profesa, mtu yeyote akikaa na mimi akaniomba nitunze neno lake, akiwa mzima au mgonjwa, amekuja kulia au amekuja kuniuzia maembe, jibu langu ni hili hili. Hata ukiniuliza kama alipenda hali ya hewa, sitasema."

Dokta Lukumay alijikuna ndevu. "Binti," alisema kwa upole, "sheria unaijua. Ukilieleza pengo, linajazwa. Na kwa jinsi ninavyokuona, lingejazwa vizuri. Usipolieleza ni sifuri. Profesa hawezi kukusaidia, maana sasa jambo linamhusu baba yake, sheria inamtaka akae pembeni. Na mimi siwezi kubadili alama za Shangazi. Tulimleta ili tusiweze."

"Najua, Dokta."

"Na huu ni mwaka wako wa pili."

"Najua."

Alijua pia kitu kingine, na ndicho kilichokuwa kigumu. Aliamini kwamba kusema kungekuwa wema. Binti angetulia, au angekimbia kumtafuta baba yake. Mgonjwa angetibiwa. Otilia angepata nafasi. Kila upande ulipata kitu, isipokuwa mzee mmoja aliyeomba jambo moja, kwamba habari za mwili wake azipeleke mwenyewe. Kama daktari anaweza kuzichukua habari hizo kwa sababu anajua zitafaa, basi mgonjwa amebakiwa na nini cha kwake?

"Mwombaji," ilisema sauti ya Shangazi, tulivu, isiyo na ubaya wowote, "hii ni nafasi ya mwisho ya kujaza pengo."

"Liache wazi."

Taa ya ukutani ikapepesa mara moja. "Pengo: sifuri. Jumla iko chini ya kiwango. Mwombaji anaingia kwenye orodha ya akiba."

Akiba. Kuna miaka watu wa akiba waliitwa, na kuna miaka hawakuitwa. Karatasi ndogo ilichomoza kwenye ukingo wa meza, na Otilia akaichukua.

Profesa Kalinga akanyoosha mkono, akazima taa ya Shangazi. 

"Sasa hakuna anayepima," Profesa alisema. Sauti ya kidaktari ilikuwa imemtoka. "Alama zimeshaandikwa, siwezi kuzigusa. Sikuulizi kama mkuu wa jopo. Nakuuliza kama mtoto wa mtu. Niambie."

Hili lilikuwa zito kuliko la mwanzo. Otilia alitamani kumshika mkono.

"Dada," alisema, na hakujua neno hilo lilitoka wapi, "ni chako. Lakini si mimi wa kukukabidhi."

Profesa aliutazama mlango. Angeweza kusimama, akafungua, akatoka barazani, hatua chache tu. Hakusimama. Mikono yake ilikuwa imeshikana juu ya meza kwa nguvu, na Otilia akaelewa kwamba na huyu naye anaogopa. Uoga wa baba na uoga wa binti ulikuwa umekaa pande mbili za mlango mmoja, kila mmoja ukisubiri mwenzake apige hodi.

"Haya, Mngoni," Profesa alisema mwishowe, akijaribu kutabasamu. "Toka, kabla hujatuibia ng'ombe."

"Tulishawachukua wote zamani, Profesa. Asanteni sana. Shikamooni."

*

Mzee alikuwa bado kwenye benchi, amesogea hadi jua lilipohamia. Alimwona, akasimama kwa kujikongoja.

"Umesema?"

"Sijasema."

"Hata alipouliza yeye?"

"Hata yeye."

"Yule mtoto akiuliza, hata mawe hujibu!" Mzee alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Na wao wamekuweka wapi? Umepita?"

Karatasi ilikuwa mkononi mwa Otilia, imekunjwa mara mbili. Angeweza kumwonyesha. Mzee angesikitika, angeingia ndani kwa hasira kumtetea, angepoteza ujasiri wake wote kwenye jambo lisilo lake. Akaisukuma karatasi mfukoni kwa kidole gumba.

"Wameniweka pazuri," alisema. "Wewe nenda. Mlango wa kushoto, si ule wa viti."

"Mngoni akisema kushoto, mtu aende kulia."

"Nenda, babu!"

Aliliweka koti sawa, akafungua kifungo cha juu, akakifunga tena. Otilia alimtazama akivuka baraza, mfupi, wima, hatua za mtu anayekwenda katikati ya uwanja kuanzisha mechi. Alifika mlangoni. Mkono ukapanda, ukasita, ukashuka. Otilia akakohoa kwa makusudi.

"Mbwa wameshafichwa," alimwambia.

Mzee hakugeuka, lakini mabega yalicheka. Safari hii alipiga hodi.

"Karibu," ilijibu sauti ya ndani, ile ya kidaktari. Mlango ukafunguka, na sauti ikabadilika katikati ya pumzi. "Baba?"

"Beata, mwanangu. Naomba nikae kwanza."

Otilia akageuka, akaanza kutembea kuelekea getini, haraka haraka, akicheka peke yake kwenye baridi, asije akasikia yaliyobaki.